Parachuti Aliyokataa Kuitia Saini

Verdell Gaskins alijifunza kukunja parachuti jeshini, na jeshini kulikuwa na desturi isiyombembeleza mtu. Siku yoyote, bila taarifa, mkubwa aliweza kuingia karakanani, akachukua parachuti moja rafuni, akasoma jina la aliyeikunja, kisha akamwamuru huyohuyo aivae, apande ndege, aruke nayo. Verdell aliruka mara arobaini na moja kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana alipohamia kampuni ya vyombo vya anga mjini Titusville, Florida, hakuwahi kukunja kwa pupa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Wenzake walimwita Bi Verdell mbele yake, na akiwapa kisogo, Bibi Subiri.

Tangu ajali iliyoua watu watatu, kampuni ilikaa miaka sita bila kurusha binadamu. Sasa walikuwa wanarudi, na mji mzima ulipagawa kwa mabango na fulana. Wiki tano kabla ya safari, parachuti ya majaribio ilirudi na mkanda wake mkuu umefumuka safu moja ya mshono kati ya nne. Parachuti ya kubeba watu ilishonwa kwa uzi uleule. Bi Verdell alitaka mishono yote ishonwe upya, kazi ya miezi miwili, na msimamizi wake, Craig Pruett, akamjibu kwamba wataalamu wamepiga hesabu na hatari hiyo inakubalika.

"Imekubaliwa na nani?"

"Na kamati, Bi Verdell."

"Kamati inapanda?"

Pruett alicheka, akasema yeye hata ngazi ya kupaka rangi dari humtia kizunguzungu.

"Basi niitie atakayepanda, nimwonyeshe. Akiridhika, nasaini."

"Hatuwezi kumtia mtu hofu wiki tano kabla ya safari."

Damu ilimchemka Bi Verdell. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: watu wa kiyoyozi na kahawa wanakubali hatari, na mwenye shingo yake haulizwi. Aliweka kalamu mezani akatoka. Kesho yake alihamishiwa banda la kuoshea parachuti zinazoopolewa baharini, na mtu mwingine alisaini kabla ya chakula cha mchana.

Roketi iliruka. Watu wanne walikaa angani siku tisa, wakarudi wazima. Bi Verdell alitazama kwenye televisheni, ngumi zimekazwa, akamshukuru Mungu, na papo hapo hasira zikampanda tena, kwa maana alijua bahati hii sasa itaitwa ushahidi. Alijikasirikia yeye mwenyewe pia. Angeweza kumtafuta kanali aliyeongoza safari, akamwambia uso kwa uso, lakini alikuwa ameogopa kupoteza kazi. Wenzake, wasiojua hilo, walimtania: mbona wamefika, Bibi Subiri? Pruett alimletea kipande cha keki. Alikiacha kiliwe na sisimizi.

Siku ya tatu baada ya wanaanga kutua, parachuti yenyewe ilifika bandani, imejaa chumvi. Alianza na mkanda mkuu. Safu tatu zilikuwa zimefumuka. Ilibaki moja.

Alimwita Pruett, naye akaja, akazihesabu safu za mkanda kwa kidole.

"Lakini ulishika," alisema, kisha akamwagiza aandike kuwa ni uchakavu wa kawaida.

Bi Verdell hakuandika kitu. Aliubeba mkanda begani, unachuruzika maji, akavuka uwanja hadi ukumbi walikokuwa wakipongezwa wanaanga. Kanali Lindqvist alikuwa akipiga picha na familia za wafanyakazi. Bi Verdell aliipita foleni yote, akamwekea mkanda mikononi.

"Kanali, hiki ndicho kilichokushusha. Mimi nilikataa kukitia saini. Hawakutaka uambiwe, na mimi nikanyamaza."

Kanali alipitisha kidole gumba kwenye zile safu tatu zilizofumuka, kisha kwenye ile ya nne, akaishia hapo. Pruett alifika mbio, akasema hapa si mahali pake. Kanali aliuliza, bila kuinua uso, kama parachuti ya safari ijayo, ya mwezi Machi, atakayokwenda rafiki yake Marisol, imeshonwa upya.

"Hapana. Imeshasainiwa," alisema Bi Verdell. "Kwa sababu wewe umerudi."