Kisanduku cha mzee kilichokosea mara kumi na moja, kosa lilelile

Inawezekanaje kifaa kikosee mara kumi na moja, na mara zote kikosee kwa asilimia ileile?

Wakuu, heshima zenu. Hilo swali lilinishinda mbele ya watu wawili, ajira yangu ikiwa mezani. Nasimulia kama lilivyotokea, chumvi mtatia wenyewe kwenye comments.

Mimi ni Mtanzania, naishi Najma hapa Doha. Degree yangu ni ya umeme, ila nilikuja kutandika vitanda hotelini. (Msinicheke, hali mnaijua.)

Mwaka wa pili nikapata trial ya wiki moja Industrial Area, kwenye workshop inayokagua vifaa vya kupimia umeme. Nikifaulu nabaki. Nikifeli narudi kwenye mashuka.

Supervisor alikuwa Mkenya, Barasa. Fundi kweli, mdomo nao mkali. Utaratibu wake: kifaa kikisoma sawa, stika ya kijani. Kikikosea, nyekundu, kinafumuliwa.

Siku ya nne akaja mzee mmoja wa Kiqatari na kisanduku cha mbao chenye vifungo vya shaba juu. Resistance box ya kizamani. Ndani kuna koili kumi na moja za waya, kila moja na namba ya ukinzani wake.

Kilikuwa cha marehemu baba yake, fundi wa telegrafu. Alitaka kukiweka majlis, pale anapopokea wageni, na cheti pembeni.

Nikapima. Koili iliyoandikwa 1 ikasoma 0.95 ohm. Iliyoandikwa 10, 9.5. Iliyoandikwa 100, 95. Zote kumi na moja, pungufu ileile ya asilimia tano.

"Hiyo imekufa," Barasa akasema. "Bandika nyekundu, tutoe hizo waya tusokote mpya."

"Imekufaje, bosi? Kwa ugonjwa gani?"

"Aki wewe! Mamako akikwambia leo ni Jumatatu, unaitisha kalenda?"

Nilikuwa nimeshaiitisha. Nilibadilisha mita, jibu lilelile. Nikashuku joto, maana ulikuwa mwezi wa nane, nikakiacha kwenye chumba cha AC hadi saa nane mchana. Vilevile. Na joto lingeongeza ukinzani, huu ulikuwa umepungua.

Uzee? Hapo ndipo nilipogoma. Uzee hauna usawa, wakuu. Meno ya babu yangu hayakung'oka siku moja.

"Bosi, mimi sibandiki."

"Sawa. Andika sababu."

Sababu sikuwa nayo. Stika zilikuwa mbili tu, na ya "sijui" haikuwepo. Barasa kakunja mikono, mimi tayari nasikia harufu ya sabuni ya mashuka.

Nikaandika: "Koili zote zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Hazikubaliani na ohm. Sababu haijulikani. Zisiguswe."

Akaisoma mara mbili. Akaenda kumwita mzee kule mapokezi aje asikie mwenyewe.

"Ya bint," mzee akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "kizima au kibovu?"

"Sijui, mzee wangu. Ila ukikubali zitolewe hizo waya, hatutajua kamwe."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wallah, nimekipeleka kwa mafundi watatu kabla yenu. Wote walijua!"

Akaondoka nacho vilevile kilivyokuja, karatasi yangu kaikunja mfukoni.

Barasa akanigeukia. "Kesho usikose basi ya kampuni. Na hiyo kalenda yako uiache nyumbani."

Sijaiacha. Huu ni mwaka wa tatu nipo palepale, na siku hizi tuna stika ya njano. Yeye ndiye aliyeiagiza, ingawa ukimuuliza anakataa.

Nilichojifunza: "sijui" ukiiandika vizuri nayo ni kazi. Kilichokuwa kinaenda kuua kile kisanduku ni uhakika wetu. Wewe umewahi kugoma kusaini kitu bila kuwa na sababu ya kuonyesha? Ilikuwaje? Nasoma zote, hata za kunipinga.

Na lile swali la juu? Jibu nimelikuta mwezi uliopita, kwenye kitabu kikuukuu cha mafundi wa telegrafu. Zamani, kabla dunia haijakubaliana juu ya ohm, kuna mafundi waliopima ukinzani kwa zebaki: mrija wa urefu wa mita moja, tundu lake milimita moja ya mraba, kwenye ubaridi wa barafu inayoyeyuka. Hiyo ndiyo ilikuwa 1 yao. Kwa ohm zetu ni kama 0.95.

Kisanduku cha mzee hakikuwa kimekosea hata mara moja.