Kandambili za Friji

Niliondoka Makindye asubuhi moja, mfuko begani, bila kujua naenda wapi. Ndani ya mfuko mlikuwa na mashati mawili, testa ya kupimia umeme, koleo na patasi. Dada yangu alikuwa uani anaparua samaki. Hakuniuliza nitarudi lini. Alisema tu, "Funga geti, mbwa wasiingie."

Kilichoniondoa kwake ni soketi moja ya ukutani.

Dada anauza samaki wa kugandisha. Friji yake kubwa, ile ya kulala kama sanduku, iko kwenye baraza la nyuma, na friji hiyo ilikuwa inauma. Ukiigusa miguu mitupu, mkono unatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Nyumba nzima ilijua, wala hakuna aliyeona kuwa ni ubovu. Kando ya friji zilikaa kandambili za bluu ambazo hazikuwa za mtu. Anayetaka samaki anazivaa kwanza. Mgeni akifika anaonyeshwa choo kilipo, kisha anaonyeshwa kandambili za friji.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Umeme nimejifunza kwa kubeba ngazi za mafundi, kufungua pasi zilizokufa na kuuliza maswali mpaka nifukuzwe. Kwa hiyo dada aliponiomba soketi ya pili karibu na ile ya friji, ya mashine ya juisi, nilifurahi kupita kiasi.

Kazi niliifanya vizuri, na mpaka leo sikubali mtu aniambie vingine. Nilijaribu testa mahali penye umeme, nijue hainidanganyi. Nikazima swichi kubwa na kuibandika utepe wa gundi ili mtu asiiwashe. Nikapima tena, umeme haupo. Nikaangalia unene wa waya: ungebeba friji na mashine ya juisi, lakini si pasi wala birika. Kisha nikaitoa soketi ya zamani, nikauona waya wa kijani na njano, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya soketi.

"Dada, friji inauma kwa sababu ya huu."

"Si tunavaa kandambili?"

"Na siku utakayosahau, mikono ina maji?"

"Miaka minne sijasahau."

Mumewe, askari mstaafu kutoka kaskazini, alikuwa anakunywa chai mlangoni. "Injinia," akaniita, "hiyo walifundisha wewe darasa la sita?" Akacheka peke yake.

Nikapigilia fimbo ya shaba kwenye udongo wenye unyevu nyuma ya jiko, nikavuta waya mpya, nikauunganisha kwenye soketi zote mbili. Nikawasha. Nikaigusa friji kwa nyuma ya mkono. Haikuuma. Dada alivua kandambili, akagusa kwa kidole, halafu akalaza kiganja chote juu ya mfuniko na kukiacha pale. Akasema, "Kumbe ni baridi tu."

Kesho yake wao walienda msibani, mimi nikaenda Nakivubo kutazama maduka ya nyaya, kama ninavyofanya siku zote nikikosa la kufanya. Tuliporudi alasiri, friji ilikuwa kimya na maji ya samaki yamefika mlangoni.

Kwenye boksi la umeme kulikuwa na swichi ambayo kazi yake ni kuanguka umeme ukivuja. Miaka yote haikuanguka, kwa sababu umeme wa friji haukuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa mwili wa mtu, nao hupitisha kidogo tu. Mimi nilikuwa nimeupa njia. Ubovu wenyewe ulikuwa ndani ya friji, kwenye mota, na ulizidi mota ilipopata moto. Na nilijua. Friji inayouma inavuja, hilo halihitaji cheti. Nilipaswa kumwambia dada aipeleke kwanza kwa fundi wa friji, lakini nilitaka aione soketi yangu.

Kibaya zaidi ni nilichosema nilipoiona swichi iko chini. Nilisema, "Mnaona? Inafanya kazi." Dada alikuwa amepiga magoti, anakusanya samaki kwenye beseni.

"Friji ilikuwa inatembea mpaka wewe uliigusa," shemeji akasema.

Nikawaeleza habari ya mota. Nikawaomba wiki moja, fundi aifungue.

"Wiki moja wateja wangu wamehama," dada akasema. Hakunitazama.

Shemeji akachukua koleo langu, akaenda nyuma ya jiko, akaukata waya. Akapandisha swichi. Friji ikaanza kuunguruma. Dada akasimama, mikono inachuruzika maji, akatafuta kandambili kwa mguu bila kutazama chini, akazivaa, akafungua mfuniko.

Hakuna aliyenifukuza. Lakini kesho yake nilishuka mlima wa Makindye, na kila njia panda nilifuata upande wenye watu wachache, mpaka saa sita nikajikuta Namuwongo, kando ya reli. Mama mmoja Mkongomani alikuwa anaanika vitenge kwenye ukuta. Nikamuuliza kama ana chumba.

"Kiko kimoja, kidogo," akasema. "Taa iko. Soketi haiko." Akanionyesha: kitanda, dirisha la mbao, ukuta mweupe mtupu. "Kama unajuana na fundi, anaweza kuvuta kutoka kwa friji yangu. Iko tu nyuma ya huu ukuta."

"Friji yako inauma?"

Akashangaa, kisha akacheka. "Inauma kidogo. Nani alikuambia? Sisi tunavaa tu kandambili."

Nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa za kijani, kisigino kimeliwa upande mmoja. Testa ilikuwa inanichoma mbavuni kupitia mfuko.

"Wewe unafanya kazi gani, papa?" akaniuliza, kama Wakongomani wanavyomwita mwanamume yeyote.

"Yoyote," nikasema. "Ila umeme siujui. Taa inanitosha."

Akanipa ufunguo. Nikauweka mfuko chini ya kitanda, mbali na ukuta wa friji.