Mawe Yangu Sikuyatoa

Siku niliyoambiwa kwamba sina akiba nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na mdomoni nilikuwa na paja la kuku.

Tulikuwa tumekutana sisi tuliosoma pamoja sekondari. Tulikodi ukumbi wa hoteli moja mjini Machakos, tukala, tukapigana picha, kisha mwenyekiti wetu akamkaribisha mtaalamu wa mambo ya fedha kutoka Nairobi. Kijana mtanashati, viatu vyake vinang'aa kuliko meza zetu. Akaonyesha ukutani jedwali lenye ngazi. Ukiwa na miaka thelathini, akiba yako iwe imefika hapa. Arobaini, hapa. Hamsini, kule juu karibu na dari. Kila mmoja wetu akaanza kujitafuta kwenye ukuta ule kimyakimya. Wanawake niliowajua tangu tukivaa soksi zilizotoboka walishusha macho wakatazama soda zao kana kwamba ndani mlikuwa na kitu kipya. Mimi hushona sare za shule kwenye kibanda nyuma ya soko. Nikameza kuku, nikainua mkono.

"Mimi niko na mawe," nikasema.

"Mawe gani, mum?"

"Mawe ya kujenga. Iko kwetu Katangi. Hiyo unaweka wapi kwa hizo ngazi zako?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, kwa adabu, akaeleza kwamba mawe si akiba, ni pesa iliyolala. Nikamwambia yangu imelala kweli, tena naijua inapolala, yeye atuambie yake inalala wapi. Mwenyekiti akaomba tuendelee. Nikakaa chini na hasira ambayo, niseme ukweli, haijanitoka hadi leo.

Ngoja niwaeleze hayo mawe.

Nilirudi kwa wazazi wangu nikiwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa kike wa miezi minne mgongoni na sanduku moja mkononi. Ndoa haikuwa imevunjika, maana haikuwahi kuwepo. Baba hakunigombeza. Alimaliza kukamua mbuzi, akanipeleka nyuma ya zizi, kwenye mteremko ulio juu ya mtaro wa kwanza wa shamba, akachora mstari kwa kisigino cha gambuti.

"Hapa ni pako," akasema. "Weka kitu."

Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwetu, msichana ambaye hajaolewa huonyeshwa mahali kwa mdomo, na siku mdomo ule unapofukiwa udongo, mahali penyewe hufukiwa pamoja nao. Kila mtu anajua hivyo. Ndugu yangu mkubwa, ambaye ndiye mwanamume pekee kati yetu watoto, alijua kuliko wote. Ndiyo maana baba hakusema hapa ni pako akanyamaza. Alisema niweke kitu, mtu akipita akione, aulize ni cha nani, na ajibiwe.

Miaka yangu ya ishirini niliweka akiba kwenye kopo la kakao, na kila mtoto alipokohoa nililifungua. Ukiniuliza wakati ule nilikuwa ngazi gani, ningekuambia nilikuwa nimesimama sakafuni natafuta ngazi. Nilipofika thelathini tukaanzisha chama, wanawake kumi na wawili wa pale sokoni, tunachangiana kwa zamu. Zamu ikimfikia mwenzangu hununua masufuria, au makochi, au hulipa karo. Yangu ikifika, nampigia simu dereva wa lori. Lori lilitoka machimboni upande wa Thika, likapitia Matuu, likafika kwetu likipiga honi utadhani linaleta bibi harusi, likamwaga mawe kwenye mteremko wangu. Mwaka mwingine nilipata nusu lori. Miaka minne mtoto alipokuwa sekondari sikuongeza hata jiwe moja. Baba aliyapanga kwa mikono yake, safu juu ya safu, na nyasi zikiota katikati alizing'oa.

Nyumbani kwetu kila mtu aliweka akiba kwa njia yake na kumcheka mwenzake. Baba aliweka kwa mbuzi. Mama aliweka kwa mbaazi, ndani ya pipa, amezichanganya na majivu. Baba alipenda kusema akiba haiozi, na mama akimjibu kwa kufunua pipa na kumwonyesha wadudu. Ndugu yangu alikuwa na mikopo ya sacco na gari la rangi ya maziwa, na kila Desemba alifika nalo akaliegesha kando ya mawe yangu, akayatazama, akatikisa kichwa. Binti yangu alipopata kazi na kupanga chumba Syokimau, yeye aliweka kwa simu.

"Mum, hiyo ni doo imelala tu," aliniambia. "Ingekuwa kwa simu ingekuwa inazaa."

"Inazaa wapi? Wewe ushawahi kushika huyo mtoto?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini hakuwa amekosea kabisa, wala yule kijana wa ngazi hakuwa mwongo. Nilijua kwamba mawe hayalipi dawa. Nilijua kwamba mtu wa umri wangu mwenye mshahara na pensheni ananipita mbali. Kilichonikera ni kwamba jedwali lake halikuwa na mahali pa kuandika mtu alianzia wapi. Mwenzangu aliyeanza na nyumba ya mumewe na mimi niliyeanza na mstari wa kisigino tunapimwa kwa rula moja, halafu tunaambiwa mmoja wetu alizembea.

Baba alifariki mwaka uliofuata mkutano ule wa Machakos, wakati wa kiangazi.

Siku ya tatu ya matanga tulikaa kikao cha familia sebuleni mwa nyumba ya wazazi wangu ya matofali ya udongo, yenye bati lililoshika kutu na kuvuja mahali pengi. Ndugu yangu alikuwa amekuja na mpango. Mazishi yangekuwa baada ya siku kumi. Alikuwa ameongea na mafundi sita. Walikuwa tayari kuinua nyumba ya mawe ya vyumba vitatu katikati ya boma, ili siku ya mazishi jeneza liwekwe mbele ya kitu cha heshima. Nisimlaumu yeye peke yake, kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akishafariki ndipo njia ya kwake inachongwa, choo kinachimbwa, ukuta unapakwa rangi, haya yote akiwa mochari.

"Wageni wanatoka Nairobi," akasema. "Wakubwa wangu wa ofisi. Wakwe. Watapiga picha na hii nyumba kweli? Simiti nitanunua. Mawe tuko nazo."

Sebule nzima ikanigeukia.

"Tuko nazo na nani?" nikauliza.

"Hizo zimekaa miaka na miaka. Ni nyoka tu inalala huko. Tutakurudishia."

Mjomba wangu, ndugu yake mama, akakohoa akasema ni heshima ya baba. Shangazi akasema mtu hashindani na maiti. Nikawatazama mmoja baada ya mwingine, na nikaiona ile nyumba tayari imesimama, ndugu yangu ana ufunguo wake mfukoni, na mteremko wangu ni nyasi tupu. Angekuja mtu mwaka ujao na kamba ya kupima, aulize hapa pana nini, na jibu lingekuwa hapana kitu.

Ndipo mama akaongea. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, leso amejifunga kichwani.

"Mwiitu wakwa, toa," akasema. Binti yangu, toa. "Usiniaibishe mbele ya watu."

Hapo niliumia. Ndugu yangu ningeweza kumjibu hata nikiwa usingizini, lakini mama alikuwa amefiwa siku tatu tu.

"Mwaitu, sitoi," nikasema. Mama, sitoi. "Mzee ameishi hapa bati ikivuja, na hakuna mtu alisema ajengewe. Mimi nilinunua tangi akaacha kubeba maji. Sasa hawezi kusikia mvua ndio mnataka kumjengea? Hiyo nyumba si yake. Ni ya kupigia picha."

Mama akageuza uso ukutani. Ndugu yangu akatoka nje, na nikamsikia akiniita jina ambalo sitaliandika hapa.

Zile siku zilizobaki nilikula peke yangu. Watu walinipita kama wanavyopita kisiki. Wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kulima na kuzikana, walipofika kupika, ndugu yangu aliwatuma wachukue mafiga kwenye rundo langu. Mawe matatu kwa kila sufuria, masufuria matano. Nilisimama pembeni nikayaona yakiondoka, kumi na tano. Nilitaka kupiga kelele. Lakini wanawake wale walikuwa wanawapikia watu wa baba yangu, na moto wa matanga hauzimwi. Nikaenda nikachota maji nikawasaidia.

Siku ya mazishi watu walijaa kuliko tulivyotarajia. Viti vya kukodi viliisha kabla ya misa kuanza. Waliochelewa walitafuta mahali pa kukaa, na palikuwa na mahali pamoja tu. Mmoja akakaa juu ya mawe, wa pili akafuata, na baada ya muda rundo lote lilikuwa limefunikwa na suti na vitambaa vya kichwa. Chakula kilipotolewa, wakubwa wa ofisini mwa ndugu yangu walikula pilau pale pale, sahani kwenye magoti, miguu inaning'inia. Hakuna hata mmoja niliyemwona akiipiga picha ile nyumba ya udongo, wala akiikwepa.

Mwanamume mmoja mnene akapigapiga jiwe alilokalia. "Hizi ni poa sana. Ni za nani?"

Mwanamke wa mwethya, aliyekuwa akipakua, akajibu kwa sauti bila kugeuka, "Ni za msichana wa hapa! Na hapo ni kwake!"

Msichana, mimi, na mvi zangu! Watu wakacheka, hata shangazi. Ndugu yangu alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Hakukanusha. Angekanushaje, na wakubwa wake wamekalia?

Mama hakunisemesha hata baada ya wageni kwenda. Siku ya sita baada ya mazishi, asubuhi, nikiwa nafunga sanduku nirudi Machakos, nikasikia gurudumu la wilbaro likilia uani. Nikachungulia. Mama, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa ameinama penye majivu ya matanga, ana gunzi la mahindi na mchanga, anasugua mafiga. Alisugua moja, akalipakia, akalisukuma hadi mteremkoni, akalipanga, akarudi kuchukua lingine. Nilitaka kumsaidia akanifukuza kwa mkono. Nikakaa kwenye kizingiti nikamtazama mpaka la kumi na tano.

"Zimekataa kutoka hiyo nyeusi," akasema alipomaliza. "Lakini zimerudi zote."

"Asante, mwaitu."

Akajifuta jasho kwa leso. "Baba yako alikuwa anapanga hizi kila akitoka kanisa. Nilikuwa nafikiri anapoteza wakati." Kisha akatazama upande lilikoegeshwa lile gari la rangi ya maziwa. "Wewe chimba msingi kabla ndugu yako arudi Nairobi. Nataka aone."

Tulichimba siku ile ile. Mafundi wawili wa pale Katangi, mimi na jembe, na mama akiwa ameshika kamba mahali kisigino cha baba kilipopita. Ndugu yangu alisimama akatazama, akawasha gari akaenda. Mwezi uliofuata alituma mifuko kumi ya simiti, bila ujumbe. Niliipokea, kwani mimi ni mkaidi, si mjinga.

Nyumba yangu ni vyumba viwili tu. Fundi alitaka yale mawe yenye masizi ayafiche ndani ya msingi, anasema yataharibu sura ya nyumba. Nikamwambia ayaweke mbele, kando ya mlango, na asiyapige plasta. Yule kijana wa ngazi bado hutuma ujumbe kwenye kundi letu kila mwisho wa mwezi, anatuuliza tumefika wapi. Huwa simjibu.

Mvua ya Novemba ilipoanza nilikuwa Katangi. Ilinyesha kuanzia adhuhuri, na saa kumi jioni nikasikia mlango ukibishwa. Alikuwa mama, amejitwika godoro kichwani, amelifunika kwa nailoni, maji yanamtiririka kidevuni. Kule kwake bati lilikuwa limeshindwa. Alisimama mlangoni akitazama ndani kama mgeni, hajui aingie ama angoje. Nilimtua lile godoro, nikamshika mkono, nikampeleka chumba cha pili.

"Mwaitu," nikamwambia, "hapa ni pako."