Mgeni Aliyebisha Bila Sauti

Kabla hujacheka, nisikilize hadi mwisho, halafu cheka ukiweza. Hili lilinipata mimi mwenyewe, sebuleni kwetu Anderlecht, huku ughaibuni, chai ikiwa mezani, na nikilikumbuka nachemka hadi leo. Sikuota, na pombe siinywi.

Tonton Deo, mdogo wake mama, kazi yake ni kuhamisha vyombo kwenye nyumba za marehemu. Jioni hiyo alitoka Koekelberg, kwa mzee aliyekufa bila ndugu, akaja kwetu na makopo ya mikanda ya sinema na projekta ya kuzungusha kwa mkono. Jasho linamtoka, anacheka.

"Nimeangalia kwa internet," akasema. "Hii filme ya kauboi ilipotea zamani, dunia nzima wanaitafuta. Donc ni sisi tuko nayo! Iko bubu, haina son."

Tukatundika shuka ukutani. Sasa lazima umjue mama. Tangu tukiwa Bujumbura, mtu akibisha mlango wetu, mama hukaribisha kabla hajajua ni nani. Hata polisi waliokuja kufanya upekuzi aliwapa chai. Kwake, kumwacha mtu amesimama mlangoni ni dhambi.

Tonton akazungusha. Kauboi akashuka farasi mbele ya kibanda kilichokuwa peke yake jangwani. Ndani, mwanamke ameuegemea mlango kwa mgongo, analia, hataki kufungua. Kauboi akainua ngumi akabisha. Kimya, bila shaka.

"Karibu, papa," mama akasema kwa mazoea. "Ingia, baridi iko mingi."

Tulicheka sana. Ndipo kauboi alipogeuza shingo akamtazama mama. Akatoka kwenye picha, na palepale mlango wetu ukabishwa.

Wewe ungefanya nini? Mimi niliganda. Mama ndiye aliyefungua. Akaingia mtu wa kijivu kuanzia kofia hadi viatu, hana rangi hata kidogo, ananuka farasi. Akaketi. Mama akamsogezea kikombe, si ni mgeni? Midomo ya yule mtu ikacheza, neno halikutoka, na mama akainama karibu ili amsikie. Kisha mgeni akasimama, akavua kofia, eti heshima, akaondoka. Chai hakuigusa.

"Alikuwa anasema nini?" nikamuuliza mama. Akanijibu. Niliona midomo tu.

Madaktari kule Woluwe wamempima kila kitu. Koo zima, ulimi mzima. Mama yangu, ambaye kigelegele chake kilisikika mtaa wa pili kila palipokuwa na harusi! Ameingiliwa nyumbani kwake, akaibiwa sauti na mtu aliyemkaribisha. Nisikasirike?

Usiku uleule wa mgeni nilimkaba Tonton kola. "Zungusha tena! Amrudishie!" Akazungusha. Kauboi yumo, amesimama palepale mlangoni pa kibanda. Akafungua mdomo, na kwenye filamu isiyo na sauti nikasikia sauti ya mama, ileile ya upole aliyotulelea:

"Fungua, mutoto yangu. Usiogope, ni miye."

Yule mwanamke akapangusa machozi, akafungua. Mkanda ukaishia hapo.

Makopo yako chini ya kitanda changu. Tonton anataka kuwapa watu wa sinema, waliopoteza filamu waipate. Nimemwambia akiyagusa tu, undugu umekwisha. Kuyachoma siwezi, sauti ya mama imo humo. Kuyazungusha nimekataa, maana yule mwanamke atafungua tena.

Siku hizi ukija kwetu ukapiga hodi, utasimama. Nachungulia kwanza, nakutazama kama una rangi. Watu wanasema tumekuwa Wazungu, hatujui tena wageni. Waseme. Wewe ukiniamini, mlango ambao hukuusikia ukibishwa, usiuitikie, hata kwa utani, hata kwenye picha.

Mama hajajifunza. Kila mlango ukibishwa anainua kichwa, anatabasamu, na midomo yake inasema karibu. Nami, Mungu anisamehe, nashukuru kwamba haisikiki.