Kidole cha Kuegemea

Mtaa mzima haukuwa na kinyozi mwenye maringo kama yule, na nikisema mimi ujue nimepima. Wenzake wakinyoa ndevu huegemeza kidole kidogo kwenye shavu la mteja ili mkono utulie. Yeye aliwacheka. Kidole hicho, alisema, ni cha wanafunzi. Wembe wake ulielea kooni mwa watu kama unyoya, na wateja walisinzia kitini mpaka wakakoroma.

Kisha kiharusi kikampitia. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukarudi na mtetemo. Wateja wakaja kumpa pole, wakamsifu kwa kupona, halafu wakaenda kunyolewa kwa jirani. Usiwalaumu, shingo ni moja tu. Mkewe alikuwa marehemu, binti yake ameolewa mbali. Akabaki yeye, kiti, na kioo kikubwa kilichomrudishia uso wake kutwa nzima.

Kila asubuhi alifungua, akafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja, akaomba. Sala yenyewe ilikuwa kama anamtuma mtu dukani: Mungu, tuliza mkono huu. Kisha alipuliza puto, akalipaka povu la sabuni, akalinyoa, maana ndivyo wanafunzi wa kunyoa wanavyojifunza. Puto likapasuka. Akajifuta povu usoni, akapuliza lingine. Jirani alizoea ile milio, akaacha hata kucheka.

Siku moja mapovu yalikauka kwenye brashi naye hajainua wembe.

“Mungu wangu, nimeishiwa,” alisema. “Nishike wewe.”

Safari hii hakutaja mkono. Akatazama mlangoni, kana kwamba kuna wa kumwona, akashusha kidole kidogo, akakiegemeza kwenye puto. Mkono uliendelea kutetemeka. Wembe haukutetemeka. Puto likatoka safi, zima.

Alikuwa bado amelishika puto hilo pale shemeji yake alipoingia, kaka wa marehemu mkewe, ambaye tangu ule ugonjwa alikuwa akisalimia dirishani tu na kuondoka. Akajitupa kitini.

“Shemeji, kichwa chako yai tupu. Ninyoe nini?”

“Ndevu. Nimekuogopa vya kutosha. Ila ukinikata, dada yangu atakuuliza mkikutana.”

Kinyozi akampaka povu. Maneno yaliyofuata yalimtoka kwa shida kuliko sala.

“Itabidi nikuegemee kidogo.”

“Egemea.”

Akaegemea. Shemeji alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Shavu moja likaisha. La pili lilipofika katikati, vidole vyake vikalegea, kidevu kikazama, akaanza kukoroma.

Kinyozi alimaliza, akaosha wembe, akaukunja. Hakumwamsha. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkono ukimtetemeka juu ya goti, akausikiliza ule mkoromo ukijaza chumba.