Kipa Mfupi wa Valdecorzo

Dada yangu Adosinda alizaa mtoto mmoja tu, Froilán. Baba yake alikuwa mchimba makaa kama mimi na kama karibu wanaume wote wa Valdecorzo, kijiji chetu cha milimani Hispania, wakati ule. Alipofariki, mtoto alikuwa na miaka tisa, na malezi ya uwanjani yakaniangukia mimi mjomba. Nilikuwa nimedaka kwenye timu ya mgodi misimu kumi na mmoja. Sikuwa hodari sana, ila hodari nilikuwa namjua nikimwona, na mikono ya yule mtoto ilikuwa na gundi.

Alipofika miaka kumi na minne, klabu kubwa ya mjini ilimchukua kwenye shule yake ya soka. Alipofika kumi na saba ikamrudisha. Kocha alimwita ofisini, akamwambia bila kumung'unya maneno: "Mikono unayo, moyo unao. Lakini una mita moja na sentimita sabini na nne, na urefu hauna mazoezi."

Alishuka kwenye basi mbele ya kanisa, akapita baa nzima ikimtazama, hakusalimu mtu. Alimkuta mama yake jikoni anamenya viazi.

"Umekula?" Adosinda akamuuliza.

"Mama, wamenifukuza."

"Nimesikia. Nimekuuliza kama umekula."

Nilimwacha siku mbili. Ya tatu nikagonga dirisha lake.

"Vaa glavu."

"Za nini, mjomba? Mimi sirefuki tena."

"Nani kasema habari za kurefuka? Mpira wa juu haumngoji mrefu, unamngoja anayewahi. Vaa glavu, usinichoshe."

Basi akaanza upya kutoka chini kabisa. Miaka saba alidakia timu za madaraja ya chini, ya kwetu ikiwa mojawapo, viwanja vya matope na upepo. Asubuhi alipasua mawe ya kuezekea machimboni, jioni alifanya mazoezi, Jumapili alitukanwa. Wabaya zaidi walikuwa wa Castrobermejo, mji ulio chini yetu bondeni. Hao walikuwa wakiimba, "Mleteeni ngazi! Mleteeni ngazi!" Na mwaka mmoja wakaileta kweli, ngazi ya mbao iliyopakwa rangi za timu yao, wakaiegemeza nyuma ya lango lake. Froilán aliitazama, akavua taulo shingoni, akalitundika kwenye kipago cha kwanza. Hata wao walicheka. Lakini tulifungwa mawili, yote ya kichwa.

Alikuwa na miaka ishirini na minne wakala mmoja alipompigia simu. Klabu moja ya daraja la pili Polandi ilikuwa imeumiziwa makipa wawili ndani ya mwezi mmoja, na mtu alikuwa ameona picha zake za video.

"Polandi?" Adosinda akasema. "Huko kuna nini?"

"Kuna makaa, mama. Wote ni wachimbaji, kama sisi."

"Basi watakuwa wanakula vizuri. Nenda."

Hakuanza vizuri. Baridi ilikuwa ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na mpira ulikuwa mgumu kama tofali. Mechi ya kwanza alifungwa mawili kwa krosi, watu wakampigia miluzi hadi akaingia chumbani. Alinipigia simu akaniambia anafunga mzigo. Nikamjibu afunge tu, ila amalize wiki kwanza, maana mtu hatoki mgodini katikati ya zamu.

Wiki ile ndiyo iliyomtengeneza. Kocha wa makipa pale, mzee aitwaye Wiesław, alikuwa mchimbaji mstaafu mwenye vidole viwili vilivyokatika. Alimsimamisha langoni, akamzungushia mabeki sita wakubwa, akawaambia wamsukume, wamkanyage, wamvute fulana, huku yeye akimwaga kona moja baada ya nyingine.

"Wewe unausubiri mpira kama mtu anayesubiri basi," alimwambia kupitia mkalimani. "Kipa hasubiri. Goti mbele, ngumi juu, na ukelele! Wapigie kelele kama dari linaporomoka!"

Froilán hakujua Kipolandi, kwa hiyo alipiga kelele za kwetu, zile tulizokuwa tukipiga shimoni dari likianza kulia. Mabeki hawakuelewa neno, ila walipisha. Mrefu husubiri mpira umfikie, mfupi hana anasa hiyo. Alijifunza kutoka mapema, kupanda juu ya mabega ya watu, kushuka na mpira kifuani. Msimu ule walipanda daraja.

Nilikwenda kumtazama mwaka wa pili, siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, ambaye sisi tunampigia baruti na wao wanampigia tarumbeta. Niliona wazee wenye kofia za manyoya wakitoka kanisani, wakamshika Froilán mkono, wakamweka mbele ya maandamano. Walimpa jina, Fuko, yule mnyama mdogo anayeishi chini ya ardhi na haogopi giza. Uwanjani watu elfu kumi na mbili waliita "Fuko! Fuko!" na mimi, mtu mzima, nikalia mbele za watu nisiowajua. Alikaa huko miaka tisa. Alitwaa kombe moja, akawa nahodha, akaoa mwalimu wa kuogelea, Bogna, anayemzidi urefu kwa nusu kichwa.

Wakati huohuo kwetu mgodi ulifungwa. Nyumba zikaanza kufungwa madirisha, duka la mikate likafa, na timu ilibaki na wachezaji kumi na wanne. Rais wa klabu, Eudosia mwenye duka la dawa, alimpigia simu mwenyewe.

"Froilán, sikudanganyi. Mshahara wetu ni chakula na makofi."

"Chakula gani?"

"Botillo kila Alhamisi, utumbo wa nguruwe uliojazwa mbavu zake mpaka unatuna."

"Ungeanza na hilo, mama. Nakuja."

Alikuwa na miaka thelathini na minne, na klabu ya Saiprasi ilikuwa inamtaka kwa mkataba mnono. Alikuja na Bogna na binti zao wawili wakati wa mvua, wakafungua madirisha ya nyumba ya babu yangu.

Msimu ule tulifungwa mabao kumi na tisa tu. Tukafika mechi ya mwisho, nyumbani, anayeshinda anapanda daraja, na waliokuja kutoka bondeni kucheza nasi walikuwa nani? Castrobermejo. Watu wetu walirudi kutoka Madrid, kutoka Bilbao, kutoka Ujerumani. Uwanja wa watu mia nane uliingiza elfu mbili, wengine juu ya paa la karakana ya mgodi.

Tulifunga dakika ya hamsini. Kuanzia hapo ilikuwa kudaka tu. Dakika ya tisini na tatu wakapata kona. Mshambuliaji wao Urbano, jitu la karibu mita mbili, akaja kumsimamia Froilán puani.

"Babu, umesahau kigoda nyumbani?"

"Nimekuletea wewe ukalie," Froilán akamjibu. "Utachoka kusubiri."

Kona ikapigwa, ya juu, ya kuzunguka, ikielekea chini ya mtambaa wa panya. Nikasikia ule ukelele wa shimoni. Froilán alikuwa ametoka kabla mpira haujaanza kushuka, goti mbele, akapanda juu ya bega la Urbano. Hakupiga ngumi. Aliudaka kwa mikono miwili, akashuka nao, na kabla watu hawajashusha pumzi akaurusha mbali upande wa kulia, ambako winga wetu alikuwa peke yake na nusu ya uwanja tupu. Kipa wao alikuwa ameacha lango tupu kuja kwenye kona. Mbili bila.

Sikumbuki filimbi. Nakumbuka Eudosia akimkumbatia refa, na Adosinda, ambaye miaka yote alisema mpira ni ujinga wa wanaume, akiingia uwanjani na viatu vya kanisani, anakimbia. Urbano alimfuata Froilán, akamwomba glavu, naye akampa.

Meya alitaka kuubatiza uwanja jina lake wiki ileile. Froilán akakataa: "Unabatiza uwanja jina la mtu ambaye Jumapili anaweza kufungwa matano? Ningoje nistaafu."

Alidaka misimu mitatu zaidi, na hatukushuka daraja hata mara moja. Alitundika glavu akiwa na miaka thelathini na saba, mechi mia tano na kumi na mbili katika nchi mbili. Nimezihesabu mwenyewe, na atakayebisha anajua nyumbani kwangu ni wapi.