Ubavu Upi Unapita Juu

Nilirudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Nyololo, nikiwa na haja moja: kutazama dari ya kanisa. Nilisukuma mlango, nikainua uso, nikakuta jipsamu nyeupe yenye maua na taa za rangi kama za ukumbi wa harusi. Mzee wa kanisa alikuwa nyuma yangu, anatabasamu.

"Kamwene, mjukuu wetu. Umeona? Sasa limeisha."

Nikuambie lilivyokuwa. Msanifu wake, kijana wa Dar es Salaam, aliziacha mbavu za zege wazi, bila plasta wala rangi. Ziliota toka sakafuni kila upande, zikainama, zikakutana juu kabisa. Miaka yote wazee walisubiri mafundi warudi kumalizia kazi. Sisi watoto tuliliita kanisa la mifupa. Ukungu ukiingia madirishani, ungedhani umemezwa.

Bibi yangu ndiye pekee aliyelipenda. Alisuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni. Jikoni kwake kulinukia milulu mibichi, moshi na uji wa ulezi. Kanisa lile lilipofunguliwa, vikapu vyake vikabadilika. Vikaota mbavu kwa nje, zimeinama vilevile. Ibadani alikaa uso juu, mpaka wenzake wakamtania.

"Mama, unasali au unapima dari?"

"Mungu ananisikia hata shingo ikipinda."

Kikapu chake cha mwisho alitaka kiwe kanisa lenyewe, na kifuniko chake. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, kwa hiyo akanituma mimi.

"Pale zinapokutana, ubavu upi unapita juu?"

"Hakuna, bibi. Zimeungana tu."

"Haziwezi kuungana tu, zingeanguka! Kaangalie tena."

Nikaenda tena, nikalala chali kwenye benchi. Magari ya magogo ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo yalinguruma barabarani, na mbavu zikatetemeka, au nilidhani hivyo. Nikarudi na jibu lilelile. Kifuniko huanzia katikati. Usipojua katikati pakoje, huna pa kuanzia. Bibi alifariki hajakianza.

Chuoni nilisomea usanifu. Nikafundishwa kwamba zege humwagwa pamoja likawa kitu kimoja, hakuna cha juu wala cha chini. Ningepaswa kutulia. Lakini sasa niko kazini Mbeya, na kila nikichora mahali boriti mbili zinapokutana, mkono unasita, namsikia bibi akiuliza upi unapita juu. Mimi siamini mizimu. Nimehoji kila kitu mpaka mchungaji akanichoka. Sauti ile sijawahi kuihoji, kwa sababu yenyewe ndiyo inanihoji mimi. Ndiyo maana nilirudi: niangalie mara moja zaidi, nimalizie kikapu cha bibi.

"Juu ya jipsamu kuna nini?" mzee alinishangaa nilipoomba kupanda. "Giza na popo. Achana nako."

Watoto walikuwa wanakimbizana kati ya mabenchi, wanacheka. Hawaogopi chochote mle ndani. Hilo liliniuma kuliko jipsamu yenyewe.

Kikapu chenyewe, bado hakina kifuniko, nilikikuta kwa shangazi, kimejaa vitunguu. Alivimwaga sakafuni bila kuuliza.

"Kimalize au kiache. Ila usiniletee msiba jikoni."

Nikaloweka milulu. Ilipolainika nikashika mafungu mawili, nikayapishanisha, nikaona mikono yangu haijui. Basi nikauliza kwa sauti, kama mwendawazimu, lipi linapita juu.

Shangazi alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Nilitegemea anicheke. Hakucheka, wala hakugeuka. Tukabaki hivyo wote wawili, tukisikiliza kama kuna atakayejibu, mpaka ugali ukaanza kunukia kuungua.